Safari ya Gunia: Maafa, Visiwa na Miteremko ya Mlima Meru

Mwanafunzi aliyelelewa Arusha, ambaye kila asubuhi huuona Mlima Meru ukijifunika na kujifunua mawingu, huenda akauliza: habari za tufani na visiwa zanihusu nini mimi? Bahari iko mbali, na upepo ung'oao minazi haufiki Tengeru wala Usa River. Swali hilo ni la haki, na insha hii yakusudia kulijibu. Jibu lenyewe, kwa ufupi, ni kwamba kisiwa si lazima kizungukwe na bahari. Kijiji kilicho kati ya makorongo mawili, ambacho daraja lake limechukuliwa na maji usiku, nacho ni kisiwa asubuhi yake. Wagonjwa wake hawawezi kutoka, chakula hakiwezi kuingia, na habari zake hazijulikani mpaka mtu jasiri avuke mto kwa miguu.

Basi tunapochungua jinsi dola ilivyowafikia, au ilivyoshindwa kuwafikia, watu waliokatiwa njia na maafa, tunachungua jambo lililo kiini cha utaifa wenyewe. Maana taifa ni watu waliokubaliana kwamba mwenzao aliye mbali hataachwa peke yake siku ya dhiki. Makubaliano hayo hayathibitishwi kwa maneno ya majukwaani, bali kwa gunia la mahindi, blanketi na dawa, vitu ambavyo ama vimefika au havikufika.

Tufani ya mwaka 1872

Vimbunga vikubwa ni nadra katika mwambao wetu. Sababu zake ni mbili. Kwanza, nchi yetu iko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo uwe kimbunga. Pili, kisiwa kikubwa cha Madagaska kimesimama baharini kama ngao, na dhoruba nyingi zitokazo mashariki humalizikia huko au hugeukia kusini. Lakini jambo lililo nadra ndilo humkuta mtu hana matayarisho.

Ndivyo ilivyokuwa Unguja tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said. Tufani iliyovuma siku hiyo ilibomoa nyumba, ikavunja majahazi bandarini, na ikaviharibu vyombo vya Sultani mwenyewe. Minazi na mikarafuu iling'oka. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba theluthi mbili hivi ya miti hiyo katika kisiwa cha Unguja iliangamia. Kisiwa cha Pemba kilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kikashika nafasi ya kwanza katika kilimo cha karafuu.

Mambo mawili katika habari hii yafaa kuzingatiwa. La kwanza ni la uchukuzi. Dola ya Unguja ilikuwa dola ya vyombo. Nguvu zake zote zilipita juu ya maji. Tufani ilipovunja vyombo, ilivunja pia mkono ambao kwao dola hiyo ingeweza kuwafikia watu wake. Hii ndiyo tabia ya maafa ya visiwani: hayaui na kubomoa tu, bali huharibu kwanza kile kile ambacho kingeleta msaada.

La pili ni la siasa. Mwaka mmoja baadaye serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshurutisha Sultani akomeshe biashara ya watumwa baharini. Sultani alitoa hoja kwamba tufani imekwisha kuifukarisha nchi, lakini hatimaye, akitishiwa kuzingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873. Kukomeshwa kwa biashara ile ovu kulikuwa jambo la haki, wala hakuna Mwafrika atakayelisikitikia. Lakini namna lilivyotendeka yatufundisha kwamba mtawala aliyepigwa na maafa huketi mezani akiwa mnyonge. Wala tusisahau ni nani waliobeba mzigo wa kuyafufua mashamba. Walikuwa watumwa walewale, ambao waliendelea kutumikishwa Unguja na Pemba miaka mingi baada ya mkataba huo, maana mkataba ulifunga soko na bahari, haukuwafungua walio mashambani. Katika kila maafa yafaa tuulize swali hili: ni nani aliyepoteza mali, na ni nani aliyelipa kwa jasho lake?

Kimbilio la mlimani

Wakati mwambao ukijijenga upya, bara nako kulikuwa kukikaribiwa na maafa yake. Miteremko ya Meru ilikuwa na wakulima hodari: Wameru, na Waarusha ambao walihamia hapo kutoka nchi tambarare za kusini katika miaka ya 1830. Walichimba mifereji ya kunyweshea mashamba, wakapanda migomba na mahindi, na wakabadilishana mazao na majirani zao Wamasai wa mbugani.

Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu iliingia katika mifugo ya Wamasai. Karibu na mwaka 1891 ikafuata sotoka, iliyoua ng'ombe kwa maelfu, na baada yake ndui, iliyoua watu. Wafugaji waliokuwa matajiri asubuhi wakawa maskini jioni. Wengi walipanda mlimani kutafuta chakula kwa Waarusha, ambao walikuwa na lugha moja nao na rika moja nao, na mara nyingi hata undugu wa ndoa. Walipokelewa. Wengine walikaa miaka michache wakarudi mbugani na mifugo michache. Wengine walishika jembe wakawa Waarusha kabisa.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Mapokezi hayo hayakuwa sadaka tupu. Wako wanawake na watoto waliowekwa kwa wenyeji ili jamaa zao wapate chakula, na mgeni alilipa kwa kazi ya mikono yake. Hata hivyo yalikuwa ni utaratibu uliofahamika na kila mtu. Mwenye shida alijua aende kwa nani, kwa sababu rika lilikuwa daftari la watu na mgomba ulikuwa ghala. Serikali kuu haikuwapo, lakini orodha ilikuwapo, akiba ilikuwapo, na njia ya kuwafikisha watu kwenye akiba ilikuwapo pia. Mambo haya matatu, yaani orodha, akiba na njia, ndiyo yatakayotuongoza katika sehemu zinazofuata.

Nguvu ya dola na matumizi yake

Wajerumani walijenga boma la Arusha katika mwaka wa 1899 na 1900, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Kwa njia hizi serikali ilipata mkono mrefu ambao Sultani hakuwa nao bara. Lakini reli na barabara hizo hazikujengwa kwa ajili ya kuwafikia wenye njaa. Zilijengwa ili kahawa na mkonge zifike bandarini, na ili askari wafike panapotakiwa.

Ushahidi ulio wazi ni ule wa Engare Nanyuki. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka katika ardhi yao upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wameru hawakurusha mikuki. Walijiunga pamoja, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kueleza mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Shauri hilo lilikuwa mojawapo ya mbegu za harakati za uhuru katika Tanganyika.

Mwezi wa Aprili 1952, miezi mitano tu baada ya moto wa Engare Nanyuki, kimbunga kilipiga mji wa Lindi na kuwaacha watu bila makao. Matukio hayo mawili, moja la kaskazini na jingine la kusini, yafaa kuwekwa bega kwa bega. Nyumba iliyoangushwa na upepo na nyumba iliyochomwa na askari humwacha mtoto katika baridi ile ile. Tofauti ni kwamba upepo hauna nia, ilhali serikali inayo. Magari, askari na daftari za dola ni vyombo tu. Vyaweza kumwokoa raia na vyaweza kumfukuza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya uhuru ilikuwa kuigeuza nia.

Akiba ya taifa

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 nchi ilikuwa katika ukame, na muda si mrefu mvua zikageuka kuwa mafuriko. Taifa changa lililazimika kupokea mahindi kutoka ng'ambo. Funzo lile lilirudi kwa ukali zaidi katika mwaka wa 1973 na 1974, mvua zilipokosekana na mavuno kupungua, hata fedha za kigeni zikatumika kununua chakula. Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na Shirika la Taifa la Usagishaji likawa na kazi ya kununua, kusaga na kusambaza nafaka. Wakazi wa Arusha wa siku hizo wakumbuka foleni za unga. Hata leo mtaa mmoja wa mji huo waitwa Unga Limited, jina lililotokana na kinu cha nafaka.

Kutokana na dhiki ile ulikua uamuzi wa kuweka akiba ya nafaka ya taifa. Utaratibu huo umepitia mabadiliko kadhaa, na tangu mwaka 2008 uko chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda zake mikoani, Arusha ikiwa mojawapo. Hivyo mji ulio chini ya Meru umerudia, kwa sura mpya, kazi iliyofanywa na migomba ya mlimani karne ya kumi na tisa: kuwa ghala la watu wa mbugani mvua zinapokataa.

Sheria nazo zilifuata. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuratibu misaada ya maafa; ikafuatwa na ile ya mwaka 2015, na kisha ile ya mwaka 2022. Shughuli hizi kwa upande wa Bara ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Zipo kamati tangu ngazi ya taifa hadi kijijini. Ukizisoma sheria hizo kwa mfululizo utaona fikra ikikua. Ile ya kwanza yahusu zaidi msaada baada ya msiba. Zile za baadaye zasisitiza kujiandaa kabla yake. Hapo dola imejifunza lile ambalo wahenga walilisema zamani, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hanang na Mafia

Maafa mawili ya miaka ya karibuni yatuonyesha mafanikio ya safari hiyo na mipaka yake.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yaliporomoka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Wilaya ya Hanang ilikuwa katika Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, na watu wengi wa Arusha wana jamaa huko. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba mlima haukulipuka kwa moto. Miamba yake iliyolowa maji ilishindwa kujishikilia. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia kuhusu hali ya hewa, alikatiza safari yake. Askari wa jeshi waliingia kufukua matope, majengo ya shule yakageuzwa kambi, na serikali ikabeba gharama za mazishi na matibabu. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya mia moja mahali palipo salama zaidi.

Kwa nini msaada ulifika Katesh haraka? Jibu moja ni barabara. Katesh iko kwenye barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati na Arusha. Malori yaliweza kuja kutoka pande mbili. Sasa tufikirie msiba kama ule ungetokea katika kijiji cha nyuma ya mlima, kisicho na barabara ila njia ya punda. Rehema ya wananchi ingekuwa ile ile, lakini gunia lingesimama njiani.

Miezi mitano baadaye, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika katika kisiwa cha Mafia. Safari hii watu hawakushtukizwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari siku kadhaa kabla, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tukilinganisha na mwaka 1872, hapa pana maendeleo makubwa: onyo lilikuwa na mbio kuliko upepo. Lakini mvua zilizoandamana na kimbunga hicho zilikata barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara katika sehemu za Wilaya ya Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa hiyo ya kusini ilitengwa na Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu. Kwa siku hizo Lindi nayo ilikuwa kisiwa.

Hesabu ya gunia

Wanafunzi wa hesabu na waangalie jambo hili. Lori moja lenye uwezo wa tani 30 hubeba magunia 300 ya kilo mia. Ikiwa kila kaya itapewa kilo 50, lori hilo litatosheleza kaya 600. Lakini msafara wa Mafia hauishii barabarani. Mtu huenda mpaka Nyamisati, katika mlango wa Rufiji, kisha huvuka bahari hadi Kilindoni. Tuseme chombo kilichopo ni mashua ya tani tatu. Mzigo wa lori moja utahitaji safari kumi za kwenda na kurudi, na kila safari itangoja maji yajae, upepo utulie, na wachukuzi wapatikane. Siku ambazo bahari imechafuka, hesabu yote husimama.

Kutokana na hesabu hii twaweza kuona kwamba msaada wa visiwani hauwezi kusubiri maafa ndipo uanze safari. Lazima uwe umekwisha kufika. Ghala lililo Dar es Salaam, hata likijaa hadi paa, ni ghala tupu kwa mtu wa Mafia ambaye bahari imemfungia. Na kanuni hiyo hiyo yahusu mlima wetu. Ghala lililo mjini Arusha ni ghala tupu kwa kijiji ambacho korongo lake limejaa maji.

Tena liko jambo la orodha. Gunia likifika pasipo anayejua nani ameathirika, huchukuliwa na mwenye nguvu au mwenye jamaa. Mjane aliye pembeni mwa kijiji, mgeni aliyehamia juzi, na mlemavu asiyeweza kusimama foleni, hao ndio hukosa. Wazee wa rika walijua watu wao kwa majina. Mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wa shule, wakitaka, wanaweza kuwajua vivyo hivyo, na daftari lao laweza kuwa na thamani kubwa kuliko magari kumi.

Wajibu wa shule

Mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,500, ulikuwa mkubwa zaidi hapo kale. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na matope yake yakaenea kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella na vilima vidogo vya sehemu hizo ni alama za tukio hilo. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Twayasema kwa sababu mtu hukaa vizuri na jirani anayemfahamu. Na hatari ya kila mwaka haitoki kileleni, bali katika mito na makorongo yashukayo mjini. Mwezi wa Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha wakiwa njiani kwenda shule. Korongo lile halikuwa mbali na bara wala pwani, lilikuwa nyumbani.

Kwa hiyo somo la historia halina budi kutoka darasani na kupanda mlima. Wanafunzi na wawaulize wazee: maji yalipita wapi katika masika makubwa? Daraja gani liliondoka, na watu walivukaje? Nani aliyefungua ghala lake, na nani aliyelifunga? Majibu yao yaandikwe na kuchorwa katika ramani ya kijiji, ramani ipelekwe kwa kamati ya kijiji, na nakala ibaki shuleni. Kazi hii haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Nayo ni sehemu ya utamaduni wetu sawa na ngoma na methali, maana utamaduni ni pia namna watu walivyojifunza kuishi mahali pao bila kuangamia.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wamasai wa mwaka 1891 walijua njia ya kumfikia rafiki huyo, kwa sababu ilikuwa imekanyagwa kwa miaka mingi ya kubadilishana maziwa na ndizi kabla ya msiba. Njia ya gunia nayo hukanyagwa siku za neema. Kijiji kitakachoingoja mpaka siku ya mvua kubwa kitaikuta imekwisha kuchukuliwa na maji.